Namba Kubwa na Ushahidi Wake

Tangu zamani watu wamekuwa na desturi ya kulipima neno kwa kumtazama aliyelisema. Likitoka kinywani mwa mwenye cheo au mwenye elimu, hupokewa mara moja. Likitoka kinywani mwa mtu mdogo, huachwa hata kabla ya kuchunguzwa. Desturi hii haikosi faida. Wahenga walisema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," nao walisema kweli, maana mtoto asiyejua kina cha mto hana budi kumsikia yule aliyekwisha kuuvuka. Walakini liko jambo moja ambalo desturi hii hailifai, nalo ni hesabu. Katika hesabu neno la mkuu na neno la mdogo hupimwa kwa kipimo kimoja, na asiye na ushahidi hana neno, hata kama jina lake lajulikana duniani kote. Habari za namba moja kubwa, ambayo kwa muda wa miaka zaidi ya mia mbili ilisifiwa sifa isiyokuwa yake, zatosha kulionyesha jambo hili.

Namba yenyewe ni hii: 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21. Mtu akiitazama hivi hivi haoni maana yo yote ndani yake, lakini asili yake ni nyepesi, na kila mchezaji wa bao aweza kuielewa. Bao lina mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane manane. Mchezaji na atie kete 1 katika shimo la kwanza, kete 2 katika la pili, kete 4 katika la tatu, kete 8 katika la nne, na kuendelea vivyo hivyo, kila shimo likipata maradufu ya lile lililotangulia. Kete 64 za mchezo zitamwishia upesi, maana mashimo sita ya kwanza hula kete 63, naye hubaki na moja tu mkononi. Lakini kama angalikuwa na kete zisizokwisha, shimo la 32 peke yake lingalipata kete 2,147,483,648, na bao zima lingalikuwa na kete 4,294,967,295. Kisha angaliongeza bao la pili, na baada ya hilo mashimo matatu ya bao la tatu, jumla ya mashimo 67. Kete zote za mashimo hayo 67 zikihesabiwa pamoja, jumla yake ndiyo namba ile ya tarakimu 21.

Iko njia fupi ya kupata jumla kama hii. Kete za mashimo matatu ya kwanza ni 1 na 2 na 4, jumla yake 7; na shimo linalofuata ni la kete 8. Kete za mashimo manne ni 15. Na shimo linalofuata ni la kete 16. Sikuzote jumla huwa pungufu kwa moja kuliko shimo linalofuata. Kwa hiyo atakaye namba ya mashimo 67 na aandike 2 mara 67, azizidishe zote pamoja, kisha atoe 1.

Sasa yafaa kukumbuka namba tasa ni nini. Namba tasa ni ile isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa namba yenyewe, kama vile 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Namba 15 si tasa, kwa kuwa ni 3 mara 5. Hizo 3 na 5 huitwa vigawo vyake. Basi, kete za mashimo 2 ni 3, nayo ni tasa. Za mashimo 3 ni 7, tasa. Za mashimo 5 ni 31, tasa. Za mashimo 7 ni 127, tasa vilevile. Lakini za mashimo 4 ni 15, ambayo hugawanyika, na za mashimo 6 ni 63, ambayo ni 7 mara 9. Imethibitishwa kwamba hesabu ya mashimo isipokuwa tasa, jumla ya kete nayo haiwi tasa kamwe.

Aonaye hayo hushawishika kusema upesi, "Basi, hesabu ya mashimo ikiwa tasa, jumla ya kete itakuwa tasa." Mashahidi wanne wamekwisha kusema hivyo: 2, 3, 5 na 7. Lakini shahidi wa tano hukataa. Namba 11 ni tasa, na kete za mashimo 11 ni 2,047; nazo 2,047 ni 23 mara 89. Hapa pana fundisho la kwanza. Mifano minne iliyokubaliana si ushahidi wa jambo zima, na mwenye kukimbilia neno "sikuzote" kwa mifano michache hujenga nyumba juu ya mchanga.

Huenda mtu akauliza kwa nini wenye elimu walizitafuta namba hizi kwa bidii. Sababu ni ya kale. Wayunani walizipenda sana namba zinazolingana na jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko namba yenyewe. Namba 6 ni moja ya hizo, maana vigawo vyake 1, 2 na 3 vikijumlishwa hufanya 6. Namba 28 ni nyingine, maana 1, 2, 4, 7 na 14 hufanya 28. Namba hizi huitwa timilifu. Euklides, mwalimu mkuu wa hesabu za maumbo, alionyesha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba kila mara jumla ya kete iwapo tasa, ikizidishwa na kete za shimo la mwisho hufanya namba timilifu. Kwa mfano, jumla ya mashimo 3 ni 7, na shimo la mwisho lina 4; nazo 7 mara 4 ni 28. Kwa hiyo aliyepata namba tasa ya jinsi hii alipata na namba timilifu pamoja nayo.

Ndipo akatokea Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka wa 1588 na kufa mwaka wa 1648. Alikuwa mtu mwenye heshima kubwa, naye aliandikiana barua na wenye elimu wa nchi nyingi za Ulaya. Mwaka wa 1644 alitoa kitabu, na ndani yake alitaja hesabu za mashimo zinazotoa namba tasa, kutoka 2 mpaka 257. Orodha yake ilikuwa hii: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Nyingine zote, alisema, si tasa. Basi 67 ilikuwamo, na namba yetu ya tarakimu 21 ikahesabiwa kuwa tasa kwa neno la Mersenne.

Lakini je, aliipima? Yeye mwenyewe aliandika kwamba kuipima namba ya tarakimu 15 au 20, kujua kama ni tasa au si tasa, ni kazi ambayo muda wote hautoshi kuimaliza. Neno hilo halikuwa la uvivu. Atakaye kuigawanya namba hii kwa kila namba inayofuata, mpaka apate kigawo au akate tamaa, hana budi kufika karibu na milioni 12,148, ndipo aweze kusema hakuna kigawo. Kama angalifanya mgawanyo mmoja kila sekunde, usiku na mchana, bila kula wala kulala, ingalimchukua zaidi ya miaka 380. Basi Mersenne alijua kwamba hakuipima, wala haikupimika kwa njia ile, na hata hivyo aliitamka hukumu. Nao waliomfuata waliipokea. Watu husema, "Lisemwalo lipo, ikiwa halipo laja." Lakini utasa wa namba hii ulisemwa, nao haukuwapo, wala haukuja.

Yapasa kumtendea Mersenne haki. Sehemu kubwa ya orodha yake ilikuwa sahihi. Mwaka wa 1772 Leonhard Euler, aliyezaliwa Uswisi, alitoa ushahidi kwamba jumla ya mashimo 31, ambayo ni 2,147,483,647, ni tasa kama Mersenne alivyosema. Mwaka wa 1876 Édouard Lucas wa Ufaransa alithibitisha kwamba jumla ya mashimo 127, namba ya tarakimu 39, ni tasa pia. Kosa lake halikuwa upungufu wa akili, kosa lilikuwa kusema "najua" mahali palipotakiwa kusema "nadhani."

Ni huyo Lucas, mwaka uo huo wa 1876, aliyeivua namba ya mashimo 67 sifa yake. Alikuwa amevumbua njia mpya ya kuzijaribu namba hizi. Hufanywa hesabu ndefu, na mwisho wake hugawanywa kwa namba inayojaribiwa. Ikiwa namba ni tasa, hakuna baki, na baki ikitokea, si tasa. Kwa njia hii Lucas aliona kwamba namba ya tarakimu 21 si tasa. Lakini njia yake haikusema vigawo ni vipi. Ilikuwa kama mtu anayelitikisa sanduku lililofungwa, akasikia ndani yake vitu viwili vinagongana. Ana hakika kwamba ni viwili, lakini hajaviona, wala hawezi kumwonyesha mwenziwe.

Sanduku likakaa limefungwa miaka 27. Ndipo Frank Nelson Cole, mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, alipoanza kulifungua. Hakugawanya kwa kila namba moja moja, maana zilikuwapo kanuni za kuchuja. Moja ilivumbuliwa na Pierre de Fermat, Mfaransa aliyeishi wakati mmoja na Mersenne. Kila kigawo cha jumla ya mashimo 11, kikigawanywa kwa 22, husaza 1; na ndivyo zilivyo 23 na 89. Vivyo hivyo kila kigawo cha jumla ya mashimo 67, kikigawanywa kwa 134, husaza 1. Kanuni hii huondoa namba 133 katika kila 134. Hata hivyo zilizobaki zilikuwa nyingi mno, naye Cole aliongeza machujo mengine juu ya hilo.

Siku ya 31 Oktoba, 1903, Chama cha Hesabu cha Marekani kilikutana New York, na Cole alikuwa na zamu ya kusema. Inasimuliwa kwamba hakusema neno. Alikwenda ubaoni, akazidisha 2 yenyewe kwa yenyewe mpaka mara 67, akatoa 1, akaandika namba ile ya tarakimu 21. Kisha akaenda upande wa pili wa ubao, akaandika namba mbili, 193,707,721 na 761,838,257,287, akazizidisha kwa mkono kama mtoto wa shule azidishavyo. Jawabu lilikuwa lile lile. Akaketi, na watu wote wakapiga makofi. Husimuliwa tena kwamba baadaye aliulizwa kazi ile ilimchukua muda gani, akajibu kuwa ilimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Ushahidi wa Lucas ulikuwa wa kweli, lakini waliokuwa na uwezo wa kuukagua walikuwa wachache. Ushahidi wa Cole waweza kukaguliwa na mtoto ajuaye kuzidisha. Hana haja ya kumwuliza Cole, wala kujua cheo chake. Namba 193,707,721 ina tarakimu tisa, na moja yake ni sifuri. Kwa hiyo kazi nzima ni mistari minane ya kuzidisha na kujumlisha mara moja. Na kwa kuwa 7 imo mara tatu, mistari mitatu kati ya hiyo ni namba ile ile, iliyosogezwa tu kushoto.

Kabla ya kuanza, mwanafunzi aweza kufanya majaribio mawili mepesi. Tarakimu za mwisho za vigawo ni 1 na 7. 1 mara 7 ni 7, na namba kubwa nayo huishia kwa 7. Tena, tarakimu za kigawo cha kwanza zikijumlishwa ni 37. 3 na 7 ni 10. 1 na 0 ni 1. Za kigawo cha pili ni 64, 6 na 4 ni 10, mwisho 1. Za namba kubwa ni 109, 1 na 0 na 9 ni 10, mwisho 1. Na 1 mara 1 ni 1, kama itakiwavyo. Majaribio haya hufichua makosa mengi, lakini yakikubali hayatoshi kuwa ushahidi, kwani namba mbaya nayo huweza kupita mlango huo. Atakaye hakika na azidishe mistari yote minane. Afanyaye hivyo kwa karatasi yake mwenyewe anajua jambo ambalo Mersenne hakulijua, naye analijua kwa haki, si kwa kusikia.

Wako watakaosema, "Kazi hii ina faida gani? Namba hii haijazi ghala wala haijengi daraja." Jibu la kwanza ni kwamba kuzidisha ni rahisi na kuzigawanya tena ni vigumu, na tofauti hiyo yenyewe imepata kazi. Mwaka wa 1977 wataalamu watatu waliokuwa Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, walitunga njia ya kuficha ujumbe iliyosimama juu ya jambo hilo hilo. Mtu huzidisha namba tasa mbili kubwa mno na kulitangaza jawabu lake mbele ya watu wote, na siri hukaa salama kwa sababu vigawo havipatikani. Jibu la pili ni zito zaidi. Mtu aliyezoea kutaka ushahidi katika namba huanza kuutaka mizanini sokoni, katika hesabu za chama chake, na katika habari anazoletewa.

Wengine watasema, "Siku hizi mashine ya kompyuta huipata vigawo namba hii kwa muda usiofika sekunde moja, basi Jumapili za Cole zilipotea." Hazikupotea. Jawabu la kweli halichakai, na lile la mwaka wa 1903 ni lile lile leo. Tena mashine nayo ni msemaji kama wasemaji wengine. Mwaka wa 2024 ilitangazwa namba tasa ya jinsi hii yenye tarakimu 41,024,320, ambayo ni jumla ya mashimo 136,279,841; nayo haikupokewa mpaka ilipopimwa tena kwa mashine nyingine na kwa njia nyingine. Hata mashine haisadikiwi kwa sifa yake.

Na wengine, ambao neno lao ni la kuheshimiwa zaidi, wataogopa kwamba mtoto akifundishwa kuyapima maneno ya wakubwa atakosa adabu. Hofu hii haina msingi. Cole hakumtukana Mersenne. Aliandika namba ubaoni, akaketi. Mtu aweza kumheshimu mzee wake, akamsikiliza hata mwisho, kisha akaihesabu tena hesabu. Mzee mwenye hekima huona furaha, maana neno lake likipimwa na kusimama hupata nguvu ambayo halikuwa nayo kabla. Na likianguka, yafaa lianguke mapema kabla halijawapotosha wajukuu.

Orodha ya Mersenne yenyewe ni shahidi. Mwaka wa 1883 Ivan Pervushin, kasisi wa kijijini katika nchi ya Urusi, alithibitisha kwamba jumla ya mashimo 61, ambayo ni 2,305,843,009,213,693,951, ni tasa, ingawa Mersenne aliiacha. Mwaka wa 1911 ilithibitishwa 89, na mwaka wa 1914 ikafuata 107. Hizo nazo zilikuwa zimeachwa. Namba 257, aliyoitaja, ikaonekana kuwa si tasa. Kufika mwaka wa 1947 orodha yote ilikuwa imekwisha kupimwa, na makosa yake yakawa matano: mawili yaliyoingizwa bila haki, na matatu yaliyoachwa bila haki. Maneno yaliyosemwa katika mistari michache ya kitabu kimoja yalichukua miaka 303 kusahihishwa, na waliosahihisha walikuwa watu wa mataifa na kazi mbalimbali, wengine wasiokuwa na jina kubwa. Hakuna aliyewauliza vyeo vyao. Waliulizwa ushahidi, wakautoa.

Kwa hiyo yampasa kila mwenye elimu asiseme tu, bali atoe ushahidi wake kwa namna ambayo hata mdogo aweza kuukagua. Na yampasa mdogo asiridhike kukariri jawabu la mwalimu au la kitabu, bali achukue kalamu ahesabu mwenyewe. Mistari minane ya kuzidisha si kazi kubwa, na jioni moja yatosha.